Nje Wote!

Hapa Winnipeg, katikati ya Kanada, kengele ya mapumziko ikilia shuleni, watoto wote nje. Hakuna cha mafua wala kikohozi. Kwenye shule za wilaya yetu, mtoto anabakizwa ndani baridi ikifika nyuzi -27, upepo ukiwa umehesabiwa humo. Ikiwa -26, kacheze. Idara ya hali ya hewa ya Kanada nayo inaandika kwamba kuanzia -28, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Kwa hiyo wakubwa waliketi, wakakuna vichwa, wakatuachia akiba ya uzi mmoja. Ahsanteni sana.

Wakati huohuo gari langu linalala limechomekwa kwenye umeme. Sitanii. Pita mitaa ya huku Januari uone magari yalivyoning'iniza plagi puani, yapashwe injini usiku kucha yasije yakagoma asubuhi. Chuma cha Japani kinaonewa huruma, mtoto wa Kidigo anaambiwa akajenge ngome ya theluji.

Halafu kuna kumvisha. Suruali ya ndani ya kubana, suruali ya theluji yenye kanda za mabegani, soksi juu ya soksi, buti, sweta, jaketi, skafu, kofia, glavu. Ukikosea mpangilio, kwa mfano ukatanguliza buti kabla ya suruali, unavua unaanza upya. Nyumba ina hita, kwa hiyo mtoto anapokuwa tayari kwenda kwenye baridi, baba mtu kalowa jasho. (Ya mtoto kutaka kukojoa zipu ikishafungwa sitawasimulia. Kila mzazi wa huku anayajua, nayo hayachekeshi.)

Glavu ndizo zitakazonitia wazimu. Hazipotei mbili. Inapotea moja, na iliyobaki ni ya kushoto daima. Shuleni kuna sanduku la vitu vilivyookotwa; unainama humo, unachambua, unatoka na glavu ambayo si yako lakini inakaribiana rangi. Jioni zinaanikwa zote juu ya tundu la hita, na sebule nzima inanuka beberu aliyenyeshewa. Mgeni akija, hakai sana.

Wazazi wenzangu wazawa wa hapa wao wana jibu moja: hewa safi. Mtu kasimama na kikombe cha kahawa, ndevu zimeota barafu, anakwambia leo kunapendeza, jua linawaka. Kweli linawaka, ila halina kazi. Hewa yenyewe ukiivuta, makamasi yanaganda puani unayasikia. Jumamosi watu haohao wanateremka na watoto mtoni, pale The Forks, inapokutana mito ya Red na Assiniboine, wanateleza kwa viatu vya vyuma juu ya maji yaliyoganda. Mimi mto nauogopa ukiwa maji. Sasa nasimama juu yake, nikijua chini ya buti zangu kuna samaki anayeendelea na shughuli zake, na wanangu wananipita kwa kasi wakicheka, "Baba, jongea!" Nijongee niende wapi?

Wiki iliyopita tulimpigia bibi yao Tanga, simu ya video. Bibi huyu mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma kidogo, anatafuta sweta. Akamwona mjukuu kalala chali kwenye theluji anapunga mikono na miguu.

"Mwanangu, mtoto kaanguka! Mwinue!"

"Hajaanguka, mama. Anacheza."

"Anacheza nini kalala kwenye barafu? Kwani mama yake yuko wapi?"

"Yupo, mama. Ndiye aliyeshika simu."

Kimya. Kisha akauliza kama kuna ndege ya kesho.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba watoto wenyewe hawalalamiki. Mashavu mekundu, kope zina chembe za barafu, nawaita waingie, najibiwa "dakika tano!" Dakika tano za mtoto mnazijua. Natetemeka mlangoni kwa niaba ya watu ambao hawana habari na baridi, na joto la nyumba ninalolilipia linatoka lote nje likiniaga.

Ndugu mnaotaka kuja kututembelea, njooni Julai. Joto la mchana hapa huzidi nyuzi 25, bustani za mji zina bembea na nyasi laini, na jua halizami mpaka saa tatu usiku. Wanangu mtawakuta sebuleni, mapazia yamefungwa, macho kwenye televisheni. Ukiwaambia watoke wakacheze, wanasema nje kuna joto.