Kitufe, Kitufe, Kitufe

Benki Kuu ya Kenya ilipotoa noti mpya mwaka 2019, iliziwekea mistari ya kupapasa ili mtu asiyeona aweze kutofautisha mia na elfu kwa vidole vyake. Hatua njema, ila ilikuta pesa zenyewe zimeshahama. M-Pesa ilikuwa imeanza tangu 2007, na bajeti za nyumba nyingi, kuanzia unga hadi karo, zilikuwa zimehamia ndani ya kioo laini ambacho ukikipapasa unaambulia baridi tu. Kioo hicho sikilaumu mno. Simu ya leo huja na programu ya kusoma skrini, TalkBack kwenye Android na VoiceOver kwenye iPhone, inayotamka kilicho chini ya kidole. Kwenye kompyuta kuna NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia ambaye mwenyewe haoni, nayo hutolewa bure. Kwa hiyo kisomaji kipo, masikio yapo, na madeni, alhamdulillahi, yapo. Kinachokosekana ni programu ya fedha inayokubali kusomwa, na ninashikilia kwamba chanzo kikuu ni uvivu wa watengenezaji.

Tazama jambo lenyewe linavyokwenda. Kisomaji kwa kawaida hakioni picha. Husoma maneno ambayo mtengenezaji ameyaandika nyuma ya picha. Akichora bahasha yenye mshale na kuiacha bila jina, sauti itasema "kitufe". Akichora sita, itasema "kitufe" mara sita, kwa adabu na bila kuchoka. Kimoja kinalipa kodi ya nyumba, kingine kinakopa, cha tatu kinafuta kumbukumbu za mwaka mzima, na baba wa nyumba anabaki kubahatisha. Dawa yake ni mstari mmoja wa maandishi kwa kila kitufe. Barua ya kuomba ruhusa ya kwenda msibani ina maneno mengi zaidi. Ukitaka kujua mwezi huu pesa zimeishia wapi, programu inakuletea duara la rangi saba, nalo likisomwa linakuwa neno moja: "picha". Taarifa ya akaunti iliyopigwa skani haitamki hata hilo. Inanyamaza kabisa, kana kwamba akaunti haijawahi kutenda dhambi. Na pale programu isipotangaza kwamba maandishi yake ni ya Kiswahili, sauti ya Kiingereza hujitwika kazi: unga unatamkwa kama anga, na mama wa watu anaambiwa ametumia shilingi 4,000 kwa mambo ya mbinguni.

Mambo yakifika hapo, familia huita kifaa chake cha asili, yaani mpwa. Mpwa hahitaji chaji wala masasisho, na anasoma hata kilichopigwa skani. Tatizo ni kwamba anakumbuka. Atajua salio, atajua mkopo ambao shangazi hajaambiwa, atajua nani wa ukoo alitumiwa ngapi na nani aliambiwa "mwezi huu hali ngumu". Namba ya siri inakuwa siri ya watu wawili, na kwa kuwa mpwa naye ana marafiki, hesabu hiyo haikai hapo. Kuna wanaosema huo ndio ujamaa wetu, tusaidiane. Sawa, tusaidiane kubeba gunia. Mtu mzima anayeona hamkabidhi kijana simu yenye akiba yote ya nyumba na kuiita hiyo mila, na sioni kwa nini asiyeona apewe mila ya peke yake.

Wenye programu wana majibu. La kwanza, kwamba wateja wasioona ni wachache. Lakini jina la kitufe linamfaa pia mzee aliyesahau miwani na yeyote aliyesimama juani Kariakoo akikodolea skrini iliyogeuka kioo cha kujitazamia. La pili lina uzito zaidi: wezi wa mtandaoni hutumia milango ileile ya visomaji kuchungulia namba za watu, kwa hiyo wengine huona heri kuifunga yote. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini tangu Android 14, mtengenezaji anaweza kuficha sehemu nyeti ya skrini isionekane ila kwa programu zilizojitambulisha kuwa za kuwasaidia wenye ulemavu. Kinga hiyo si kamili, ila anayefunga mlango wote amemrudisha mteja kwa mpwa, ambaye hakukaguliwa na yeyote.

Jibu la tatu ndilo la kisasa: tusihangaike, akili mnemba itaielezea skrini. Itaielezea, ndiyo, na kwa picha ya mtaa au lebo ya dawa nitaishukuru. Lakini kwenye hesabu za nyumba mara nyingi inabidi upige picha ya salio lako na kuituma kwa mashine ya mbali, inayoweza kukosea tarakimu kwa sauti ya kujiamini sana. Wakati huohuo jedwali la kawaida lenye safu tatu, tarehe, matumizi na kiasi, NVDA inalisoma bila kigugumizi: mkaa, 2,500, maji, 800, mchango wa harusi, usiulize. Mpwa atakosa hela ya soda, lakini hilo ni suala lake na mama yake.