Hajji na Wapwa Wake wa Ghafla

Mthamini wa kodi ya majengo akiingia vichochoro vya Nakivubo, Kampala, habari zake hufika kabla ya viatu vyake. Vijana wa steji ya boda wanamjua kwa kishikwambi na kofia. Kabla hajagonga geti la pili, la tano limeshafungwa na mwenyewe "amekwenda Masaka kuzika".

Hajji mmoja mwenye ghorofa upande wa Kisenyi hakwenda kuzika. Yeye alichagua sheria. Sheria ya kodi ya majengo Uganda inaisamehe nyumba anayoishi mwenyewe. Inayolipiwa ni ile ya kupangisha na ya biashara. Basi Hajji akawa anaishi humo. Vyumba vyote. Fundi cherehani wa chini akatambulishwa kuwa mpwa. Mkongomani muuza vitenge naye mpwa, upande wa mama. Ukoo ulikwenda vizuri mpaka kwa mama muuza samaki, mwenye umri wa kumzaa Hajji. Alipoulizwa uhusiano wao, alijibu bila kuacha kupara samaki: "Ssebo, mimi kodi yangu nimelipa tarehe mosi. Risiti ninayo."

Makadirio yakaandikwa. Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, hutoza asilimia 6 ya thamani ya mwaka ya kupangisha, baada ya makato, ilhali sheria inaruhusu hadi 12. Hajji hakuona nusu ile kuwa zawadi. Aliuliza swali ambalo, kwa haki, si la kijinga: "Na nyumba ikiungua, hela hii inakuja na maji?"

Haiji. Kodi ya majengo inatajwa kuwa ya barabara, taa za mitaani, mitaro na uzoaji wa taka. Zimamoto ni kurugenzi ndani ya Polisi ya Uganda, na bajeti yake hutoka serikali kuu. Maji ni ya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka. Kwa hiyo moto mmoja wa Kisenyi una wenyewe watatu, na bili iliyo mkononi mwa Hajji inatoka kwa yule asiye na mpira wa kuzimia.

Nakivubo inajua moto. Tarehe 25 Februari 2009 soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo kila mtu huliita Owino, liliteketea, na wafanyabiashara wakapoteza mali ambayo wengi wao hawakuwa wameikatia bima. Mwezi huohuo, tarehe 7, moto wa msituni uliua watu 173 katika jimbo la Victoria, Australia. Huko tume ya uchunguzi iliona jambo lisilo la haki: zimamoto ilikuwa ikigharimiwa kwa tozo iliyobebwa na wenye bima, na asiye na bima akizimiwa moto kwa hela ya jirani. Kuanzia Julai 2013 tozo ikahamishiwa kwenye mali yenyewe, ikakusanywa na halmashauri katika bili ileile ya kodi ya majengo. Mtu wa Melbourne anaisoma kama mstari wa pekee.

Msidhani anaisoma kwa furaha. Mwaka 2025 serikali ya jimbo ilipoipanua kuwa mfuko wa huduma za dharura na wanaojitolea, wakulima na wazimamoto wa kujitolea waliandamana hadi bungeni Melbourne, na magari ya zimamoto yakiwa miongoni mwa vyombo vya maandamano. Hajji angewaelewa, ingawa yeye angekuja na wapwa.

Tanzania ilikata mzizi wa fitina kwa njia nyingine. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla. Ukoo hausaidii kitu mbele ya mita. Ila anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na wengi walijikuta wakilipia nyumba ya mtu mwingine ili waweze kupika chai.

Nakivubo inajilipia tozo yake isiyoandikwa popote. Wapangaji wa akedi, yale majengo ya maduka, huchanga hela ya mlinzi wa usiku, ndoo za mchanga na chupa nyekundu ya kuzimia moto. Katika jengo la Hajji chupa hiyo ina kazi ya kudumu: inazuia mlango wa ngazi usijifunge. Mchanga wa ndoo ulichukuliwa na fundi aliyekuwa akiziba ufa, naye aliahidi kuurudisha. Maji kwa upande wake hayakosekani. Mwishoni mwa Oktoba 2025 mvua ilipofurika mjini, wakati mfereji wa Nakivubo ukifunikwa, yaliingia madukani bila kuitwa.

Kilichobaki ni kibao cha namba ya nyumba. Katika mradi uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, KCCA iliwapa watu majina ya barabara na namba za nyumba, kazi iliyokwenda sambamba na uthamini. Namba ileile inayomleta mkusanya kodi ndiyo ingemleta mzima moto. Hajji alisikia nusu ya kwanza tu. Kibao kilipobandikwa ukutani, kesho yake kilikuwa nyuma ya bango la mganga wa kienyeji.

Kisha jiko la mkaa la mpwa wa ghorofa ya pili likashika pazia. Hajji mwenyewe ndiye aliyepiga 999.

"Uko wapi, Mzee?"

"Kisenyi! Ukishuka kutoka uwanjani, pita steji ya boda, uliza kwa Hajji."

"Hajji yupi? Namba ya nyumba?"

Moto ulizimwa kwa beseni la mama muuza samaki, samaki wakiwa bado ndani. Askari wa zimamoto walifika baadaye, wakiongozwa na kijana wa boda aliyedai nauli. Hajji aliwaelekeza kwa mpwa wa chini.