Waraka kwa Mgeni Rasmi wa Mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

YAH: WOSIA WAKO KWA VIJANA WETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunakushukuru kwa kufika mwenyewe kwenye mahafali ya kidato cha sita, tena ukachelewa saa tatu tu. Mwenzako wa mwaka juzi alituma mwakilishi. Hotuba yako ilitugusa. Uliwaasa vijana wa Nachingwea na Ruangwa wakasome uhandisi wa mazingira, maana kinywe kipo Matambarale, nikeli ipo Ntaka, dhahabu ipo Namungo, na migodi yote hiyo itawahitaji. Tukapiga makofi. Ulisema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ikitoka meza kuu si haba.

Kusoma kwenyewe hakuna shida. Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha fani hiyo kwa miaka minne: majisafi na majitaka, taka ngumu, uchafuzi wa hewa, tathmini ya athari kwa mazingira. Hisabati zake hazina huruma. Akihitimu, kijana bado si mhandisi kamili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inamtaka kwanza afanye kazi chini ya waliomtangulia kwa miaka isiyopungua mitatu. Hapo ndipo hotuba yako ilipoishia, Mheshimiwa, ikafuata zawadi na kwaya. Tangazo la kazi linadai uzoefu, na uzoefu unapatikana kazini. Mpwa wangu anacho cheti cha fani hiyo, kimewekewa fremu na kutundikwa sebuleni. Yeye mwenyewe yuko kwenye ghala la chama cha msingi, anaandika stakabadhi za korosho, na kilo zake hazijawahi kupishana na za mzani. Bodi ya Mikopo itamkata asilimia 15 ya mshahara, siku atakapoupata huo mshahara.

Nisieleweke vibaya: kazi ipo tele, ila nafasi ndiyo haipo. Nenda kwenye machimbo madogo ya dhahabu, viatu vyako tutavifuta. Mwamba ukishasagwa kwenye karasha, unga wake hupitishwa mwaloni, kisha huchanganywa na zebaki kwa mikono mitupu. Kidonge kinachobaki huchomwa kwenye kopo juu ya jiko la mkaa, mara nyingine uani kabisa, watoto wakicheza pembeni. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, kwa hiyo hakuna anayekohoa na hakuna anayekimbia. Marudio, yaani mabaki ya unga huo, hurundikwa yakimsubiri mnunuzi, na mara nyingi mvua humtangulia.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Kifaa cha kunasa mvuke huo ni chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba. Fundi wa kuchomelea wa hapa Nachingwea mjini anaweza kukiunda akipewa mchoro. Kuchora, kupima visima vya jirani, kuonyesha marudio yakae wapi ili yasifike mtoni: mhandisi mmoja mwenye pikipiki anaianza kazi hiyo Jumatatu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka kila halmashauri iajiri au iteue ofisa wa mazingira. Kuteua hakuna gharama: mwenye kofia moja anaongezewa ya pili. Nauliza kwa nia njema tu, wa kwetu ni wa kuajiriwa au wa kuteuliwa?

Kuhusu migodi mikubwa, wilaya hizi zina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta matrekta ya Mradi wa Karanga kabla hawajaijua vizuri mvua wala udongo. Mwaka 1951 serikali yao iliutelekeza, mamilioni ya pauni yakiwa yameteketea, na reli iliyofika Nachingwea ikaja kung'olewa miaka ya 1960. Leo tuna tathmini ya athari, tunashukuru. Ila ripoti ni mamia ya kurasa za Kiingereza, inaandikwa na washauri kutoka Dar es Salaam, na wanakijiji wanabaki na soda pamoja na karatasi ya mahudhurio. Kanuni zinataka uwepo muhtasari wa Kiswahili. Tungeomba ubandikwe ofisi ya kijiji, hata kama ni chini ya ratiba ya mechi za Namungo FC, ambayo haijawahi kukosa kubandikwa.

Ripoti nayo haizuii tope. Novemba 2022 bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi Mwadui lilipasuka, tope likafunika mashamba na makazi. Bwawa la namna hiyo linahitaji wa kulikagua kila masika, hata mgodi ukishafungwa na wenyewe wakishapanda ndege.

Basi mwakani ukialikwa tena, waambie vijana kwamba ajira za fani hii zimo zaidi kwenye maji na majitaka, RUWASA na mamlaka za maji, kuliko migodini. Na badala ya wosia njoo na barua za nafasi mbili za mafunzo kazini, moja Ruangwa na moja Nachingwea, zenye posho na tarehe ya kuanza. Ukija nazo, chelewa hata saa tano, tutakusubiri.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Nachingwea

Nakala:
Ofisa Mazingira wa Wilaya (apelekewe kwenye ofisi yake ile nyingine)