Muulize Shangazi: Nile au Nitazame Farasi?

*Shikamoo Shangazi. Bosi wangu ametualika wafanyakazi kwa chakula cha mchana Jumapili, kwenye mbio za farasi pale Ngong Racecourse. Sijui nile saa ngapi, nibeti saa ngapi, na farasi niwatazame saa ngapi. Nisaidie nisiaibike.*
*– Mhasibu Mwenye Wasiwasi, Rongai*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuniandikia mimi, ukawaacha wale washauri wengine ambao farasi wanamjua kwa picha ya kalenda. Jina langu likitajwa pale Ngong, farasi wote husimamisha masikio. Najua farasi husimamisha masikio hata mlango ukigongwa, lakini hayo tuyaache.

Kabla ya kukujibu, sharti nikueleze kuhusu kofia yangu. Kule Ascot, Uingereza, kwenye uwanja ulioanzishwa na Malkia Anne mwaka 1711, mwanamke anayeingia eneo la kifalme na kipambo cha kichwani badala ya kofia kamili huambiwa kitako chake kisipungue sentimita 10. Sentimita 10! Mimi hicho ningekiita kizibo. Kofia yangu ina ukumbi na baraza. Mvua ikinyesha, watu wazima huomba hifadhi chini yake, nami huchagua nani aingie. Ndani nimeshona mfuko wa sambusa, maana mwanamke wa hadhi yangu hapangi foleni.

Sasa tuje kwa swali lako. Lilikuwa lipi? Ndiyo, chakula.

Siri ambayo hutaambiwa mlangoni ni kwamba kwenye mbio za farasi, farasi ndio wenye muda mfupi kuliko wote. Mbio ya mita 1,200 huisha kwa dakika moja na ushei. Hata Kenya Derby yenyewe, mita 2,400, hucheza kwenye dakika mbili na nusu. Kisha kuna kama nusu saa ya kungoja mbio inayofuata. Wewe si mhasibu? Piga hesabu: hata mbio zikiwa saba, farasi hawajakimbia dakika ishirini, na alasiri nzima imekwenda. Muda uliobaki ni wa nani? Ni wa mbuzi.

Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Nawaheshimu, lakini hawakuwahi kualikwa Ngong. Pale macho unampa farasi, meno unampa mbuzi, na msamba unarudi nao nyumbani mzima.

Basi agiza nyama mara tu uingiapo, hata kabla hujamsalimu bosi. Ukisubiri njaa ikubane katikati ya mbio ya tatu, utakula magharibi, pamoja na wanaofagia tiketi. Mimi huanzisha mashindano yangu papo hapo mezani: kachumbari hutoka kwa kishindo lakini haina pumzi, ugali hushika nafasi ya pili kwa uzito wake, kisha mbavu za mbuzi, ambazo kila mtu alishazikatia tamaa, hutokea upande wa nje na kuwapita wote kwenye utepe. Watu wa meza za jirani huacha farasi wakanisikiliza mimi nikitangaza. Wengine huhama meza, kwa wivu.

Ukila, wahurumie majoki. Anayekimbia pale hali, na anayekula hakimbii. Joki hupimwa uzani kabla ya mbio, na akiwa mwepesi kuliko uzani aliopangiwa farasi wake, tandiko huongezewa vipande vya risasi. Nilijitolea kukaa pale badala ya risasi, sijajibiwa bado. Wakimaliza, hupimwa tena, na mpaka hapo matokeo si rasmi. Kwa hiyo usichane tiketi yako kwa hasira, wala usiitumie kupangusa mafuta ya mbavu. Aliyekushinda anaweza kuondolewa ungali unatafuna.

Watu wengi, yaani mimi na rafiki yangu mmoja, hunifananisha na Beryl Markham. Huyo alipata leseni ya kufunza farasi wa mbio hapa Kenya akiwa msichana, na farasi wake wakashinda Kenya Derby mara 6. Mwaka 1936 aliruka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, injini ikazima, ndege ikachomeka pua kwenye kinamasi cha Nova Scotia. Uzeeni aliishi papo hapo kwenye uwanja wa Ngong, hadi alipofariki mwaka 1986. Mimi nami nimevuka Likoni kwa feri nikiwa nimesimama, kikapu kichwani, bila kushika chuma. Na mimi sikutua kwenye kinamasi.

Kuhusu kubeti: kwenye toti, dau zote huingia chungu kimoja, waandaaji hukata fungu lao, kinachobaki wakagawana walioshinda. Ni sinia la pilau: mikono ikizidi, tonge linapungua. Ukimfuata kipenzi cha uwanja mzima, utashinda bei ya soda. Afadhali ubebe ubavu mmoja mkononi, uende ukawatazame farasi wanapozungushwa kabla ya mbio. Anayelowa jasho kabla hajakimbia, huyo ameshamaliza mbio zake kichwani. Usimpe ubavu wako, hali nyama. Nilimpa mmoja, akanipiga jicho.

Lakini kwanza lipia chakula. Nauli ya Rongai iingie soksini. Kilichobaki ndicho cha kubeti. Mbuzi ndiye mnyama pekee pale uwanjani ambaye ukimwekea pesa, lazima upate kitu.

*Shangazi, mume wangu huzibeti pesa za chakula zote kabla hatujaketi.*
*– Mke Mvumilivu, Kitengela*

Soma jibu la hapo juu, kisha pochi ibebe wewe.

Mhariri ananiambia nafasi imekwisha, na bado sijaanza kueleza kuhusu viatu vyangu. Basi haraka: agiza mapema, lipa, tazama, beti kidogo, tunza tiketi. Bosi akiuliza nani alikufunza, sema ni Shangazi, kwa sauti ya kufika jukwaa la pili. Ukishinda, asilimia kumi ni yangu. Ukishindwa, nitapokea mbavu.