Ndege Arobaini na Watatu

Butembo ni mji wa makoti. Uko juu ya mita 1,700, na asubuhi hata mama wa mboga hujifunga vitenge viwili. Ndiyo maana nilipopanda pikipiki kushuka Kyavinyonge nilivaa koti zito la sufu, nikatundika shingoni darubini ya kuazima. Chini kule, Ziwa Edward likanipokea na joto la sufuria ya bugali. Koti sikulivua: shati la ndani lilibaki na kifungo kimoja, nami ni mwalimu.

Nilikwenda kuhesabu ndege. Tangu 1967 watu wa nchi nyingi huhesabu ndege wa majini kila Januari, nikaona aibu sisi wenye ziwa ndani ya Virunga, hifadhi ya tangu 1925, tuhesabu tilapia tu. Vitwitwi walikuwepo, wamejaa topeni, wageni kutoka kaskazini ya Ulaya na Siberia, bila pasi wala viza. Lakini hawatulii! Ukifika thelathini, mmoja anashtuka, wote wanaruka, wanageuka pamoja, wanatua mbali, unarudi moja. Aliyetulia ni marabu, kando ya samaki, kama mkaguzi wa shule. Nilidhani miguu yake ni myeupe kwa asili. Kumbe hujinyea ili apoe joto. Kwa koti lile, nilimwonea wivu.

“Papa, uko nafanya nini?”

Magwanda, bunduki, kandambili. Akachukua daftari langu, akasoma kwa sauti: “Saa 5:10. Ndege 43 wameruka, wameelekea Uganda. Ndege 12 wameshuka karibu na mitumbwi.” Akalifunga taratibu. “Ndege za nani?”

Huku Beni, mtu mwenye koti kwenye jua, darubini na saa za ndege kuruka hana haja ya kujieleza, ameshajieleza.

“Shefu, tazama ngeli,” nikasema. “Za chuma ningeandika *zimeruka*. Hapa ni *wameruka*. Wana uhai.”

Watani husema Kiswahili kilizaliwa Unguja kikazikwa Kongo. Basi mimi nilisimama juu ya kaburi, namwomba marehemu anitetee.

Nikakimbilia historia. Hapo jirani, Ishango, mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wa miaka kama 20,000, wenye mikato ambayo wataalamu wengi huiona ni ya kuhesabia. “Kuhesabu ni kazi ya huku tangu zamani, shefu.”

“Na ule mfupa uko wapi?”

“Brussels.”

“Unaona? Wanahesabu, kisha wanabeba.”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Bahati vitwitwi wakaruka tena, wakapita mbele yetu wakimeta. Akaninyang’anya darubini. Nikakohoa, akaniinulia kidole ninyamaze. Alikaa hivyo muda mrefu, midomo ikichezacheza.

“Arobaini na tatu? Weye unafundisha hesabu?”

“Kiswahili, shefu.”

“Njo maana. Ni hamsini na moja. Andika.”

Nikaandika: *Ndege 51 wameruka.* Akainama begani kwangu, akasoma, akaweka kidole juu ya neno la mwisho.

“Zimeruka.”

Nikafuta, nikaandika *zimeruka*.