Nyama Ruhusa, Mafuta Marufuku

Vidole vyangu bado vinanuka iliki. Nimevisugua kwa sabuni ya kila choo nilichopita kati ya Ghuba na Minneapolis, na bado jirani yangu wa kiti cha dirishani alikuwa akizinduka usingizini, ananusa, anachungulia kama wahudumu wameanza kugawa chakula, halafu ananigeukia mimi. Nami nikajifanya nasoma kile kikaratasi cha namna ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha.

Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni ya ukaguzi wanajua sababu. Waliniona bila viatu, bila mshipi, suruali nimeibana kwa viwiko, mikono imezama ndani ya mkebe wa samli, navua vipande vya nyama ya ngamia kimoja kimoja na kuvipanga kwenye trei ile ile ambayo watu huwekea viatu. Afisa kijana mwenye glavu za bluu alisimama kando yangu kuhakikisha hakuna tone linalovuka upande wa pili. Amri ilikuwa imetoka kwa mkubwa wake: nyama ruhusa, mafuta marufuku.

Asiyewahi kula nyirinyiri, kama nyama hiyo inavyoitwa kwetu, atadhani amri hiyo inatekelezeka. Hooyo, yaani mama yangu, alianza kuitayarisha siku ile ile tuliposikia dada yangu amejifungua huko Marekani. Alikwenda mwenyewe Soko Mugdi kuchagua paja la ngamia, maana mimi haniamini hata kununua nyanya. Nyama hukatwa mikanda mirefu na kuanikwa kambani mpaka jua na upepo wa Garissa viikaushe. Kisha hukatwakatwa vipande vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ikakaangwa kwa moto mdogo. Hapo ndipo penye ufundi. Hooyo haitazami sufuria, anaisikiliza. Maadamu mafuta yanachachatika, ndani ya nyama bado mna maji. Sauti ikififia mpaka sufuria ikanyamaza kabisa, maji yamekwisha na nyama imeiva. Inamiminiwa samli yenye iliki na kitunguu saumu, mkebe unafungwa, na baada ya miezi utakula nyama ambayo haijawahi kuona friji. Vijidudu vya kuozesha vinahitaji maji, na maji hayapo. Hewa inataka kuingia, samli imeziba njia. Wachungaji wanaomaliza msimu mzima malishoni na ngamia walilitatua jambo hili zamani sana, kabla ya nguzo ya umeme ya kwanza kufika kwetu.

Jambo ambalo hawakulitatua ni kiyoyozi.

Samli huyeyuka joto likipita kidogo nyuzi 30. Kwetu Waberi, Garissa, saa saba mchana unaimimina. Uwanja wa ndege wa Embakasi alfajiri, kibaridi cha Nairobi kimeingia, unageuza mkebe juu chini na hakianguki kitu. Ndivyo nilivyopita pale: mkaguzi aliugonga kwa kidole, akauliza ni nini, nikamwambia nyama, akanitakia safari njema. Kuuweka kwenye sanduku la chini hooyo alikuwa amekataa kata kata. Kwake yeye, mzigo usiouona ni mzigo ulioibiwa.

Kule Ghuba ndege ilisimama mbali na jengo. Tukapakiwa basi, basi likakaa juani likingoja abiria wa mwisho, joto la nje limepita nyuzi 40, mkebe nimeupakata. Nilipoingia jengoni samli ilikuwa inacheza ndani kwa sauti. Na msafiri wa kubadilisha ndege hukaguliwa upya, hata kama hajagusa ardhi ya nchi ile zaidi ya hatua za kupanda basi.

Kwanza eksirei. Mashine hii naipenda, na nikipata nafasi huwa naichungulia kioo. Rangi zile si mapambo. Mzigo hupigwa miale ya nguvu mbili tofauti, na mashine hulinganisha kiasi kilichopenya cha kila moja ili ikisie kitu kile kimeumbwa na nini. Chuma na jamii yake huwa bluu. Vitu vilivyojengwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni huwa rangi ya chungwa: mkate, kitabu, sabuni, chokoleti. Baruti za kisasa nazo zimejengwa kwa elementi hizo hizo pamoja na nitrojeni, kwa hiyo nazo ni chungwa. Mashine haijui ngamia. Iliona kitu kizito, cha chungwa, cha kilo mbili, ndani ya mkebe wa bati usio na maandishi. Ningekuwa mimi nakaa kwenye kiti kile, hata mimi ningeita mtu.

Aliyeitwa akafungua, akauinamisha, samli ikateleza upande. “Majimaji,” akasema kwa Kiingereza cha kikazi. Nikamwambia ni nyama. Akauinamisha tena anionyeshe. Sheria ya majimaji ina kisa chake: Agosti 2006 polisi wa Uingereza walifichua njama ya kulipua ndege za kuvuka Atlantiki kwa kemikali zilizotiwa kwenye chupa za vinywaji, na tangu hapo viwanja vingi duniani hupima kila kinachotiririka au kupakika kisizidi mililita 100. Viwanja kadhaa vimeanza kuilegeza kwa kuwa mashine mpya huona ndani zaidi. Kiwanja hiki hakikuwa kimoja kati ya hivyo.

Nikaomba mkubwa aitwe. Mkubwa alikuwa anakula. Tukamngoja chini ya kiyoyozi kilichokuwa kikipuliza moja kwa moja juu ya meza ya ukaguzi, na hapo ndipo kesi yangu ilipoanza kushinda yenyewe. Nilikuwa nauangalia mkebe kwa pembe ya jicho. Kwanza ukatanda ukungu juu, kisha pembeni pakaganda. Mkubwa alipofika akifuta midomo, kijana akauinamisha kwa fahari, na hakikusogea kitu.

“Yako wapi majimaji?” akauliza mkubwa.

“Yalikuwapo, bwana.”

Mkubwa akatia ncha ya kalamu. Juu pagumu, chini bado pateketeke. Akafikiri. Nadhani alikuwa mtu wa haki, na haki ndiyo iliyoniponza, kwa sababu mtu asiye na haki angeutupa mkebe wote na mimi ningewahi ndege yangu. Yeye alitaka kunipa kinachonistahili. Ndipo ikatoka ile amri, nami nikakunja mikono ya shati.

Kumaliza mkebe sikumaliza. Nilipata kama vikonzi viwili vya nyama, ikafungwa kwenye mfuko wa plastiki, samli pamoja na nyama iliyobaki ikaenda kwenye pipa la chupa za maji. Halafu kijana akatoa kipande cha kitambaa, akanipangusa viganja, akakitia kwenye mashine nyingine.

Nayo nitaisifu. Kitambaa hupashwa moto, chembe zilizonaswa zikawa mvuke, mvuke ukatiwa chaji ya umeme na kuachiliwa ukimbie ndani ya kijibomba. Chembe ndogo hufika mapema, kubwa huchelewa, na mashine hupima mwendo huo kwa sehemu za elfu za sekunde, ikaulinganisha na orodha ya vilipuzi iliyokaririshwa. Kasoro yake ni kwamba huchanganya: mafuta ya kujipaka yenye gliserini yamewahi kuwatia matatani watu wengi wasio na kosa. Na mafuta yote ya kula, ya ng'ombe, ya ngamia au ya mawese, mifupa yake ni gliserini. Sisemi ndicho kilichotokea. Nasema mikono yangu ilikuwa imetoka kwenye samli kwa amri ya serikali, na mashine ikalia.

Nikapelekwa chumba cha pembeni. Pasi yangu ya kusafiria ina mahali pa kuzaliwa: Garissa. Afisa wa tatu, mpole, akaliandika jina hilo kwenye simu yake. Najua kinachotokea ukiandika Garissa kwenye simu. Hakitokei Mto Tana, wala twiga wanaozurura ng'ambo yake, wala chai ya maziwa ya ngamia. Hutokea tarehe 2 Aprili 2015 na chuo kikuu, watu 148 waliouawa. Nilimwona akisoma, kisha akainua macho na kunitazama upya. Sisi tuliozika na kulia siku ile ndio tunaoulizwa habari zake kila mpaka tunaovuka.

“Umechaguliwa bila mpangilio,” akaniambia, akinirudishia pasi ya kupandia ndege iliyopigwa herufi nne za S, zile ambazo Marekani humwekea abiria wa kukaguliwa zaidi. Bila mpangilio huko nimekuzoea. Kwetu kulikuwa na mpangilio kabisa. Mwaka 1989 serikali iliwachuja upya Wakenya Wasomali peke yao, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kutembea nayo pamoja na kitambulisho. Hooyo anayo hadi leo ndani ya kopo la biskuti, maana hajui lini itaulizwa tena. Kwa miaka mingi ndege za kutoka Mogadishu kwenda Nairobi zililazimishwa kutua kwanza Wajir, watu na mizigo wateremke wakaguliwe. Utaratibu huo ulirudishwa Mei 2019, ukaondolewa tena miezi michache baadaye. Na kijana wa kwetu akitaka kitambulisho alikaa mbele ya kamati ya uhakiki aeleze baba yake ni nani na babu yake alizaliwa wapi. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kwamba uhakiki huo umekwisha. Nilipiga makofi na wenzangu. Lakini basi lililonileta Nairobi kupanda ndege hii lilisimamishwa gizani, tukateremshwa, tukapanga mstari na vitambulisho mkononi, tochi usoni, na kondakta akatuomba msamaha kana kwamba ni mvua.

Kwa hiyo nilielewana na ile samli kuliko afisa alivyodhani. Wakati wa kampeni mimi ni Mkenya mgumu, unanigonga kwa kidole nalia kitaifa. Likitokea shambulio popote, nayeyuka: mimi ni kitu kinachoweza kumwagikia upande huu kutoka upande ule wa mpaka, na lazima niinamishwe kwanza.

Ndege yangu ilikuwa imekwenda. Iliyofuata niliingoja sakafuni, kwa sababu viti vya pale vimewekewa vyuma vya mikono ili mtu asijinyooshe. Mji uliofuata, herufi nne za S zikafanya kazi yake tena. Sanduku la chini, lile ambalo hooyo alisema litaibwa, lilifika kabla yangu.

Minneapolis, mbwa wa forodha aliupitia mfuko wa plastiki mara moja tu, akaketi chini, na vikonzi viwili vya nyama vikaishia hapo. Afisa alinieleza kwa upole kwamba nyama ya kutoka kwetu haingii Marekani, ngumu wala majimaji.

Dada yangu hakusikitika hata kidogo. Alinipeleka duka la chini ya ghorofa yake pale Cedar-Riverside, na kwenye friji kulikuwa na nyama ya ngamia, imekatwa, imepimwa, ina muhuri. Nikauliza inatoka wapi. Australia, akasema mwenye duka, mzee wa Mandera.

Nimeifikiria ile nyama tangu jana. Australia haikuwa na ngamia hata mmoja mpaka karne ya 19, Waingereza walipoanza kuwashusha kwa meli, wengi wao wakitoka India na nchi za jirani, pamoja na wachungaji wao. Kazi ya misafara ilipokwisha wakaachiwa nyikani, wakazaana. Leo ngamia yule ni raia kamili wa Australia. Anachinjwa kihalali, anapewa cheti, anavuka bahari ya Pasifiki, anaingia Marekani na kulazwa kwenye friji ya Msomali wa Kenya, na katika safari yote hiyo hakuna afisa hata mmoja aliyemwuliza babu yake alizaliwa wapi.