Barua Iliyoitangulia Kaunti

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya turathi za dunia. Oktoba ya mwaka huo huo Microsoft ikatoa Windows XP. Mji umeenziwa: hata nyumba iwe yako mwenyewe, huko Mkomani huvunji ukuta ovyo bila ruhusa. XP haikujaliwa hivyo. Aprili 2014 wenyewe waliacha kuihudumia, na sisi tulio nayo tukabaki na Mungu wetu.

Kompyuta yetu ya XP ni mali ya chama cha wenye mashua. Ina Office 2003, ina kutu ya chumvi mgongoni, na feni yake ikianza kuzunguka, mazungumzo ofisini husimama. Lakini barua inapiga, na hesabu za michango haijazikosea. Balaa huja na wageni. Faili za docx, zilizoingia na Office 2007, haizijui kabisa. Palikuwa na kiraka cha kuisaidia, nacho Microsoft ikakiondoa mwaka 2018.

Basi ikaletwa fomu ya kuombea maboya, nikaifungua kwa lazima, kamati nzima imenizunguka. Vikamwagika visanduku, mikia na nyota, ukurasa baada ya ukurasa, na mwanzo kabisa herufi mbili: PK. Mweka hazina akavaa miwani, akasogea.

“Maalim, nani huyu katutumia chingamu?”

Nikaeleza, tena kwa utaratibu, kwamba docx kwa ndani ni faili ya zip, na faili za zip huanza na herufi za jina la aliyezibuni, Phil Katz. Kamati ikasikiliza kwa adabu.

“Kwa hivyo maboya tumwombe huyo Bwana Katz?”

Tukaamua kuandika barua yetu wenyewe. Sasa, betri ya saa ya kompyuta hii ilikufa zamani. Kila stima ikipotea, yenyewe hurudi Januari 2002. Na tarehe ya barua huijaza yenyewe. Ikatiwa sahihi, ikagongwa muhuri, ikapelekwa: ombi kwa serikali ya kaunti, la mwaka 2002. Serikali za kaunti zimeanza 2013. Karani akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

“Shekhe, hii imechelewa au imewahi?”

Vijana wanataka tununue mpya. Mwenyekiti, ambaye ni nahodha, hataki kusikia: mashua yake ni kuukuu zaidi, asema, na haidai ila kalafati. Mimi niko upande wake. Hata Windows 10 waliyokuwa wakitutambia imeachwa Oktoba 2025, na mashine inayoandika na kujumlisha sioni ugonjwa wake.

Kwa hivyo, wewe unayetutumia fomu, tafadhali ihifadhi kwa Word 97-2003. Tarehe tutaitia wenyewe, kwa kalamu.